Algorithimu za Mchemraba wa Rubik: Jinsi ya Kuzihifadhi Mpaka Vidole Vijue Vyenyewe

Ukimweka anayepanga mchemraba kwa dakika mbili kando ya anayeupanga kwa sekunde ishirini, utadhani wa pili amezaliwa na vidole vya ajabu. Piga hesabu kwanza. Njia ya CFOP, inayotumiwa na wengi wa wenye kasi duniani, humaliza mchemraba wa 3×3 kwa migeuzo kama 55 hadi 60. Ukigeuza mara mbili tu kwa sekunde, mwendo ambao mkono wa kawaida unaufikia kwa mazoezi ya wiki chache, utamaliza kwa sekunde 30, mradi usisimame. Muda unaliwa na kusimama: kutafuta kipande kilipo, kujiuliza hii ni hali gani, kusita katikati ya algorithimu (mfululizo wa migeuzo uliokwisha kupangwa kwa ajili ya hali fulani) kwa sababu mgeuzo wa saba umepotea kichwani.

Ndiyo maana mwongozo huu unahusu kuhifadhi na kutambua kuliko kukimbia. Nauandika kwa yule anayeweza tayari kuupanga mchemraba wote kwa njia ya tabaka kwa tabaka, hata kama inamchukua dakika tatu, na sasa anataka kushuka chini ya nusu dakika.

Ernő Rubik aliutengeneza mchemraba huu Budapest mwaka 1974, na una mipangilio 43,252,003,274,489,856,000 inayowezekana. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba kila mmoja wa mipangilio hiyo unaweza kutatuliwa kwa migeuzo isiyozidi 20. Hakuna binadamu anayeiona njia hiyo fupi papo hapo, kwa hiyo tunatumia hatua zilizokwisha kupimwa. Katika mashindano ya kwanza ya dunia, Budapest, mwaka 1982, Minh Thai alishinda kwa sekunde 22.95. Mwaka 2023 Max Park alimaliza kwa 3.13. Vidole vya binadamu ni vilevile. Kilichokua katikati ni ubora wa michemraba na, zaidi sana, akiba ya algorithimu na namna ya kujifunza.

Chombo na herufi

Mchemraba unaokwama utakufundisha kusita, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha. Tafuta unaokubali kugeuka hata tabaka la jirani likiwa halijanyooka sawasawa. Wenye sumaku ndani ni bora, na siku hizi si lazima uwe wa bei kubwa. Ukiwa mzito, weka matone machache ya mafuta ya silikoni. Mafuta ya kupikia yanashika vumbi na kuganda, usiyaguse.

Herufi unazifahamu, lakini tukubaliane. R ni uso wa kulia, L kushoto, U juu, D chini, F mbele, B nyuma. Herufi peke yake ni robo mzunguko kufuata mwendo wa saa, kana kwamba unautazama uso huo ana kwa ana. Alama kama R' ni kinyume cha saa. R2 ni nusu mzunguko. M ni tabaka la katikati, kati ya kushoto na kulia, likienda upande uleule ambao L inaenda. Katika maelezo yote hapa chini, nyeupe iko chini na njano iko juu.

Anza na silabi, si na maneno

Hili ndilo jambo ambalo natamani kila anayeanza angeambiwa siku ya kwanza. Nilipojaribu kuhifadhi algorithimu yangu ya kwanza ndefu, niliiandika kwenye karatasi na kuikariri herufi moja moja, kumi na nne, kama namba ya simu. Ilinichukua siku nne, na ya tano ikapotea. Hakuna aliyejifunza kusoma kwa kukariri kila neno peke yake. Tulianza na ba, be, bi, bo, bu, kisha maneno yakafunguka yenyewe. Algorithimu nazo zina silabi, na tatu zifuatazo utazikuta kila mahali:

- Silabi A: R U R' U'
- Silabi B: R' F R F'
- Silabi C: R U R' F'

Ifanye A kwenye mchemraba uliopangwa, mara sita mfululizo. Utarudi pale pale ulipoanza, na B nayo hali kadhalika. Hayo ndiyo mazoezi yako ya siku tatu za mwanzo: A mara sita, B mara sita, bila haraka, mpaka mkono uache kuuliza. R inafanywa na kifundo cha mkono wa kulia. U inavutwa na kidole cha shahada cha kulia. U' inavutwa na shahada ya kushoto. U2 inavutwa na shahada kisha kidole cha kati mara moja, tap-tap. Mkono wa kulia usiuachilie mchemraba katikati ya silabi. Kila unapobadilisha mshiko unapoteza sehemu ya sekunde, na zinajumlishwa.

Sasa tazama kinachotokea. Hii ni algorithimu iitwayo T, mojawapo ya zinazotumika sana kumalizia mchemraba:

(R U R' U') (R' F) (R2 U' R' U') (R U R' F')

Inaanza na A na kuishia na C. Kwa hiyo migeuzo minane kati ya kumi na minne unayo tayari. Iliyobaki ya katikati ni sita.

Chukua ile C ya mwisho uihamishie mwanzoni, bila kubadilisha kitu kingine:

(R U R' F') (R U R' U') (R' F) (R2 U' R' U')

Hiyo ni algorithimu nyingine kamili, inaitwa J. Umejifunza moja, umepata mbili. Na hii hapa ni Y, ambayo watu wengi wanaiogopa kwa urefu wake wa migeuzo 17:

F (R U' R' U') (R U R' F') (R U R' U') (R' F R F')

Isome kwa silabi: F, kisha kundi moja jipya, kisha C, A, B. Urefu ule umebaki vitu vitano. Mtu anayekariri Y kama herufi kumi na saba na mtu anayeikariri kama vitu vitano hawafanyi kazi moja, ingawa vidole vyao vinapita njia ileile.

Kila utakapokutana na algorithimu mpya, kabla hujagusa mchemraba, chukua kalamu uweke mabano. Tafuta A, B na C. Tafuta pia vinyume vyake, maana U R U' R' ni A iliyosomwa kutoka nyuma. Ukiipata njia mbili za kutatua hali moja, chagua ile yenye silabi unazozijua, hata kama ina migeuzo miwili zaidi.

Tabaka mbili za chini: usikariri, elewa

CFOP inaanza na msalaba mweupe chini, kisha unajaza nafasi nne za pembeni kwa jozi: kipande cha pembe na kipande cha ukingo vinaingia pamoja. Hatua hii ya jozi, F2L, ina hali 41, na kuna watu wanaozikariri zote. Siwashauri. Ni bora uone jozi inavyozaliwa.

Chukua mchemraba uliopangwa. Fanya A, yaani R U R' U', taratibu sana, ukiitazama pembe ya chini mbele kulia pamoja na ukingo ulio juu yake. Utaona vimetoka nje na sasa vimekaa juu, upande wa kulia, vimeshikana, nyeupe ikikutazama wewe. Sasa rudisha: U R U' R'. Vimeingia. Hiyo ndiyo hali ya kwanza, na umeijua kwa macho. Kisha fanya R U' R'. Safari hii vimeachana: pembe iko juu mbele kulia, nyeupe ikitazama kulia, na ukingo umekwenda nyuma. Kinachovirudisha ni R U R'.

Hali hizi mbili, pamoja na picha zake za kioo kwa mkono wa kushoto, ndizo karibu hali zote nyingine hurejea kwake. Kazi yako ni kuileta jozi yoyote kwenye mojawapo, halafu kuiingiza. Endelea na mchezo huo wa kutoa na kurudisha kila jioni: toa jozi kwa njia fulani, itazame, rudisha kwa kinyume chake.

Uso wa juu: kwanza msalaba, kisha pembe

OLL kamili, yaani kuufanya uso wote wa juu uwe njano kwa algorithimu moja, ina hali 57. PLL, kuvipanga vipande vya juu mahali pake, ina 21. Usianze nazo zote. Gawanya kila hatua mara mbili, na jumla itakuwa 16 tu: kumi za uso, sita za kupanga.

Kwa msalaba wa njano, tazama kingo nne za juu, pembe uziache. Kuna hali tatu za kushughulikia:

Mstari, ukiwa umelala kutoka kushoto kwenda kulia: F (R U R' U') F'

Umbo la L, njano zikiwa nyuma na kushoto: F (U R U' R') F'

Hakuna hata moja: fanya ya mstari, kisha U2, kisha ya L.

Angalia zilivyojengwa. F ni kufungua mlango, F' ni kuufunga, na katikati kuna A au kinyume chake. Hali ya L hutokea nusu ya mara zote, mstari robo, na ile tupu mara moja kati ya nane, kwa hiyo ya L ndiyo inayostahili jasho lako la kwanza.

Kwa pembe, anza na mbili tu. Sune: R U R' U R U2 R'. Itumie pembe moja tu ikiwa ya njano juu. Iweke mbele kushoto, na njano ya pembe ya mbele kulia iwe inakutazama. Kinyume chake, Antisune: R U2 R' U' R U' R', pembe ya njano ikiwa nyuma kulia na njano ya pembe ya mbele kulia ikitazama kulia. Hali tano zilizobaki za pembe unaweza kuzimaliza kwa kurudia hizi mbili huku ukiugeuza uso wa juu katikati, mpaka utakapokuwa tayari kujifunza algorithimu zake.

Kumalizia

Uso wa juu sasa ni njano. Zungusha mchemraba utazame pande zake nne, pembe za juu tu. Ukiona upande ambao pembe zake mbili zina rangi moja, kama macho mawili, uweke kushoto ufanye T. Ukikuta upande wa kushoto wote ni rangi moja, pembe na ukingo, na pande nyingine hazina macho, J ni fupi zaidi. Usipoona macho popote, ni Y. Kama kila upande una macho yake, pembe zimeshakaa sawa, pita.

Zinabaki kingo. Upande uliokamilika, ukiwepo, uweke nyuma:

Ukingo wa mbele unatakiwa kwenda kulia: R U' R U R U R U' R' U' R2

Ukingo wa mbele unatakiwa kwenda kushoto: R2 U R U R' U' R' U' R' U R'

Usipokuwepo upande uliokamilika, na kila ukingo unatakiwa kuvuka kwenda upande wa pili: M2 U M2 U2 M2 U M2. Hali ya mwisho, kingo za jirani zikibadilishana mbili mbili, iitwayo Z, hutokea mara chache. Fanya mojawapo ya hizo mbili za kwanza, utazame upya, na uimalize kwa ile inayofaa kati ya hizo mbili. Mwishoni mwa zote, huenda ukahitaji U moja kuliweka tabaka la juu sawa.

Kuhifadhi ni siku moja, kudurusu ni kila siku

Aliyepitia chuo cha Kurani anaijua tofauti. Sura unaihifadhi leo ukaisoma mbele ya mwalimu bila kukosea, lakini usipoidurusu, baada ya wiki mbili utajikuta unaruka aya. Algorithimu ziko hivyohivyo, na wengi wanaokwama wamekwama hapa: kila jioni wanaongeza mpya, hakuna hata moja ya wiki iliyopita waliyoirudia.

Huu ndio utaratibu ninaoufuata na kuwafundisha wadogo zangu.

Jioni moja, algorithimu moja, mbili zikizidi. Iandike kwa mabano yako. Ifanye mara kumi ukiitazama karatasi, taratibu kabisa, ukiitamka kwa sauti silabi kwa silabi. Ifunike karatasi, ifanye mara kumi. T, J na Y zina zawadi yake: ukiifanya mara mbili kwenye mchemraba uliopangwa, unarudi ukiwa umepangwa (kwa J, funga kila mzunguko na ile U' iliyo mwishoni). Zile mbili za kingo unazifanya mara tatu. Kwa hiyo mchemraba wenyewe ndio msahihishaji wako. Ukivurugika, umekosea mahali, na huhitaji kuuliza mtu.

Kisha lala. Si mzaha, mikono hushika vizuri zaidi baada ya usingizi. Asubuhi, kabla hujaangalia karatasi, jaribu. Ikikataa, rudi kwenye hatua ya jana. Ikikubali, ipe tarehe: utaidurusu kesho, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne. Ikivuka siku ya kumi na nne bila kukosea, imeingia.

Kuna mtego mmoja ambao lazima niuseme kwa undani. Baada ya wiki chache vidole vitaijua algorithimu kuliko kichwa. Utaweza kuifanya haraka lakini usiweze kuitamka, na ukikatizwa katikati hutajua ulipofika. Siku ya mashindano mkono ukitetemeka, ndipo inapokuacha. Dawa yake ni kuanzia katikati. Fanya T kuanzia bano la tatu. Fanya Y kuanzia C. Ifanye ukiwa umefumba macho. Ifanye huku ukimjibu mtu anayekusimulia habari za mpira. Mara moja kwa wiki iandike bila kugusa mchemraba.

Mwendo unaongezwa mwisho. Weka programu ya mapigo kwenye simu, pigo 60 kwa dakika, mgeuzo mmoja kwa kila pigo. Ukifanya mara kumi bila kosa wala kusita, panda mapigo matano. Ukikosea mara mbili, shuka. Anayekimbilia mapigo 180 siku ya pili anahifadhi makosa pamoja na algorithimu, na kosa lililohifadhiwa linachukua muda mrefu kulitoa kuliko kulijifunza upya jambo lote.

Kutambua ni somo lake

Kuijua T hakukusaidii kama unachukua sekunde tatu kuona kwamba hii ni T. Fanya mazoezi ya macho bila kutatua kitu. Tengeneza hali kwa kufanya kinyume cha algorithimu yake, kisha uitazame kutoka pande zote nne, ukisema kwa sauti unachokiona: macho kushoto, rangi za kupingana mbele, na kadhalika. Lengo ni kutambua kwa kuangalia pande mbili tu, mbele na kulia, bila kuuzungusha mchemraba. Ukishajua kwamba nyekundu inapingana na chungwa, na bluu na kijani, pande hizo mbili zinakuambia yaliyo nyuma. Mtandao wa csTimer una uwezo wa kukupa mivurugo ya hatua moja tu, kama PLL peke yake. Nusu saa ya hiyo ina thamani kuliko kutatua mchemraba mzima mara thelathini.

Ukishashika hizo 16, ongeza PLL 15 zilizobaki kabla ya OLL. Mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Anza na zinazotokea mara nyingi (herufi hizi ni majina ya hali za PLL, si nyuso wala silabi): J ya pili, R mbili, A mbili, F, V na G nne kila moja huja mara moja kati ya 18. N mbili huja mara moja kati ya 72 kila moja, ziache mwisho kabisa. Zile OLL 47 zaidi, mimi ningezingoja mpaka wastani wako uwe karibu na sekunde 20, kwa sababu kabla ya hapo F2L isiyo na kusita itakupunguzia muda zaidi, na hiyo haihitaji kukariri chochote.

Ukifika mezani

Kanuni za World Cube Association zinakupa sekunde 15 za kuutazama mchemraba kabla ya kuanza. Zitumie zote kwa msalaba. Msalaba wowote unaweza kukamilika kwa migeuzo isiyozidi 8, na ukiipanga yote kichwani unaweza kuifanya bila kutazama, macho yako yakiwa tayari yanatafuta jozi ya kwanza. Utatatua mara tano. Muda mfupi kabisa na mrefu kabisa huondolewa, na ule wa mara tatu zilizobaki unatoa wastani wako. Kwa hiyo ukivurugikiwa mara moja, weka chini, vuta pumzi. Kwenye jaribio linalofuata anza polepole kuliko unavyotaka: tabaka mbili za chini kwa mwendo ambao macho yanaweza kutangulia mikono, halafu, T au J inapotokea na vidole vimeshaijua, viache vikimbie.